Tufanye nini ili siku ya wazi ya sayansi ya anga chuoni isiwe foleni ya kuchungulia darubini tu?

Mkufunzi wa Tunguu aliuliza:

Assalamu alaykum wanajukwaa. Mimi ni mkufunzi msaidizi wa fizikia katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja, na ninaleta mbele yenu suala ambalo limenisumbua tangu mwaka jana.

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa kikamilifu na watu wa visiwa vyetu wakauona mwekundu kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52, tuliwaalika wananchi waje uwanjani. Walikuja kwa wingi kuliko tulivyotarajia, wazee kwa watoto, na wengine walikuja na mikeka yao. Sisi tulikuwa na darubini moja. Kila mtu alichungulia kwa sekunde chache, akasema "mashallah", akapisha anayefuata. Wapo watoto waliosinzia kwenye foleni wakarudishwa nyumbani bila kuona kitu, ilhali kupatwa kwa mwezi ni jambo linaloonekana kwa macho matupu na hakukuwa na haja yoyote ya foleni. Kosa lilikuwa letu waandaaji.

Sasa tumeombwa tuandae siku nyengine ya wazi katika Wiki ya Anga Duniani, ambayo huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 4 hadi 10 Oktoba. Tarehe ya kwanza ni kumbukumbu ya kurushwa Sputnik, satelaiti ya kwanza, mwaka 1957, na ya mwisho ni ya kuanza kutumika mkataba wa kimataifa wa anga za juu mwaka 1967. Ninalotaka kujua ni hili: je, ipo kazi ya utafiti, hata iwe ndogo, ambayo wananchi na wanafunzi wa skuli wanaweza kuifanya wenyewe siku hiyo, kwa vifaa vinavyopatikana hapa, na matokeo yake yakawa na maana? Nimechoka kuwaonyesha watu sayansi kana kwamba ni sinema.

Maalim Mstaafu wa Wete alijibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimefundisha jiografia Pemba kwa miaka mingi, na swali lako limenifurahisha kwa sababu wiki uliyoitaja ina bahati ambayo huenda hamjaitambua huko chuoni.

Visiwa vyetu viko kusini mwa ikweta: Chake Chake ni digrii 5 na robo, na Tunguu ni digrii 6 na dakika 12 hivi. Jua likitoka kaskazini kuelekea kusini baada ya mwezi wa Septemba hupita juu ya utosi wetu, na siku hiyo nguzo iliyosimama wima haina kivuli hata kidogo wakati wa mchana kati. Kwa Pemba siku hiyo ni tarehe 6 Oktoba, na kwa mjini Unguja na Tunguu ni tarehe 8 au 9. Yaani yote mawili yamo ndani ya wiki yenu. Hakuna haja ya kumsubiri mtu atuletee chombo kutoka ng'ambo.

Lakini siku inayonivutia mimi zaidi ni tarehe 7, iliyo katikati. Mwaka huu wa 2026, mchana wa siku hiyo jua litakuwa juu ya bahari iliyo kati ya Pemba na Unguja. Sisi wa Pemba litakuwa limeshatupita, kwa hivyo kivuli chetu kitaelekea kaskazini. Nyinyi wa Unguja litakuwa bado halijawafikia, na chenu kitaelekea kusini. Vivuli vya visiwa viwili vitapeana mgongo. Pembe ya kivuli hupatikana kwa kulinganisha urefu wake na urefu wa nguzo. Ukijumlisha pembe ya kivuli chetu na pembe ya kivuli chenu utapata tofauti ya latitudo zetu, ambayo ni pungufu kidogo ya digrii moja. Umbali wa kaskazini na kusini kati ya Chake Chake na Tunguu ni takriban kilomita 105. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuendelea mwenyewe kutoka hapo: ikiwa kilomita 105 ni sehemu ya digrii ile, mzunguko mzima wa digrii 360 ni kilomita ngapi? Jibu linalotakiwa ni kama 40,000.

Kila mtu humtaja Eratosthenes wa Alexandria, mtaalamu wa kale aliyepima dunia kwa kivuli, kwa jambo hili, na ni haki yake. Mimi darasani nilipenda kuwataja wanafalaki wa Khalifa al-Ma'mun, ambao katika karne ya 9 walikwenda kwenye uwanda wa Sinjar huko Iraq, wakatembea moja kwa moja huku wakipima ardhi, mpaka urefu wa ncha ya kaskazini ya mbingu ulipobadilika kwa digrii moja. Digrii moja, mwanangu! Ndiyo hiyohiyo karibu tuliyopewa sisi baina ya Unguja na Pemba, isipokuwa yetu imejaa maji.

Mtafiti wa Ionosfea alijibu:

Ninaunga mkono wazo la Maalim, ila naomba niongeze tahadhari tatu, kwa sababu nimewahi kuona jaribio kama hili likitoa jibu la aibu mbele ya wageni.

Kwanza, jua si nukta. Upana wake angani ni nusu digrii, kwa hivyo ncha ya kivuli huwa na ukungu. Kwa nguzo ya mita 3, ukungu huo una upana wa karibu sentimita 3, na pembe mnayoitafuta yote kwa jumla ni sentimita 5 tu. Mtabishana kivuli kinaishia wapi mpaka adhuhuri itoke. Dawa yake ni kuacha ncha ya kivuli. Chukueni kibati, kitoboeni tundu la milimita 4 au 5, kifungeni juu ya nguzo kikiwa kimelala, halafu tandikeni karatasi nyeupe chini. Mwanga utakaopita kwenye tundu utachora duara lenye upana wa sentimita 3 hivi, na duara hilo ni sura ya jua lenyewe. Katikati ya duara ni rahisi kupatia alama. Faida nyengine, na hii ni kubwa kuliko zote, ni kwamba watoto wote watainama kutazama karatasi. Asiachwe hata mmoja anyanyue macho kulitazama jua.

Pili, nguzo ikipinda kidogo si hoja. Lililo muhimu ni timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni. Teremsheni timazi kutoka kwenye tundu hadi kwenye karatasi na hapo ndipo pawe pa kuanzia kupimia. Fundi yeyote wa kujenga anayo, na anaijua kuitumia kuliko sisi tuliosoma.

Tatu, msitegemee saa. Duara litakwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki kwa mwendo wa upana wake mmoja kila dakika mbili. Wekeni alama kila dakika mbili, tuseme kuanzia saa 6:00 mpaka saa 6:20 mchana, kisha chorani mstari unaopita kwenye alama zote. Umbali mfupi kabisa kutoka alama ya timazi hadi kwenye mstari huo ndio kipimo chenu. Chake Chake iko mashariki zaidi kuliko Tunguu, kwa hivyo mchana wake kati hutangulia kwa karibu dakika mbili, lakini kwa njia hii hata hamhitaji kupigiana simu.

Nikija kwenye neno "utafiti" alilolitumia muulizaji: kipimo kimoja cha Pemba na kimoja cha Unguja ni onyesho tu. Kosa la nusu sentimita litawapotosha kwa kilomita 4,000. Mkipata skuli nyingi, kuanzia Konde mpaka Makunduchi, kila skuli inakuwa nukta kwenye grafu: umbali wake wa kaskazini na kusini kwenye mhimili mmoja, pembe yake kwenye mhimili wa pili. Mnyooko wa nukta hizo ndio unaotoa ukubwa wa dunia, na mtawanyiko wake ndio unaosema mwaminike kiasi gani. Sehemu hiyo ya mtawanyiko ndiyo utafiti wenyewe, na huwa haionyeshwi kwa wananchi, ndiyo maana wakisikia wanasayansi wamerekebisha takwimu hudhani wamedanganya.

Mlipa Kodi alijibu:

Sina nia ya kuwavunja moyo, lakini nchi hii ina skuli zenye wanafunzi wa mikondo miwili na watu wanaoamka alfajiri kutafuta maji. Kupima ukubwa wa dunia unaojulikana tangu zama za Khalifa kutatusaidia nini?

Mtafiti wa Ionosfea alijibu:

Ndugu Mlipa Kodi, swali lako ni halali, na nitalijibu kwa kazi yangu badala ya kulijibu kwa hotuba.

Ishara za satelaiti za GPS, ambazo nahodha wa boti na mpima ardhi huzitegemea, hupita kwenye tabaka la juu la hewa liitwalo ionosfea, ambalo jua limezing'oa elektroni zake. Elektroni hizo huchelewesha ishara. Kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo kipimo kinavyokosea, na hazijasambaa sawasawa duniani: hurundikana kwenye mikanda miwili, mmoja kaskazini na mwengine kusini ya ikweta ya sumaku ya dunia (si ikweta ile ya ramani), kila mmoja ukiwa umbali wa digrii 15 hivi kutoka kwenye ikweta hiyo. Katika Afrika Mashariki ikweta ya sumaku hupita Ethiopia. Hesabu mwenyewe kusini na utaona mkanda wa pili unaangukia wapi: juu yetu. Tena baada ya magharibi hutokea mapovu ndani ya tabaka hilo, na ishara hutetemeka mpaka kipokezi kikapoteza satelaiti. Kipokezi cha masafa mawili kilichowekwa juu ya paa la chuo hupima elektroni hizo usiku na mchana, kwa sababu masafa mawili hucheleweshwa kwa viwango tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayotueleza idadi yake. Tuko mahali ambapo wenzetu wa nchi za kaskazini hawawezi kupapima wakiwa kwao.

Kuhusu gharama ya jaribio la Maalim: kibati, uzi, jiwe na karatasi. Sidhani kodi yako itahisi.

Muadhini wa Mkunazini alijibu:

Naomba nichangie upande ambao hamjaugusa. Mnazungumza habari za kivuli kana kwamba ni jambo geni kwa watu wetu, ilhali kila aliyepita chuoni kwa kusoma fiqhi amefundishwa kwamba adhuhuri huingia jua linapopinduka, na kwamba alasiri, kwa madhehebu yetu ya Shafi, huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wake baada ya kutoa kivuli cha istiwaa, yaani kile cha mchana kati. Siku hizi tunasoma kalenda iliyobandikwa ukutani au kusikiliza simu ikilia, na vijana wengi hawajapata kuona hicho kivuli cha istiwaa kinachotolewa. Siku mnayoitaja, kivuli hicho ni sufuri. Kwa hivyo alasiri ya siku hiyo inaingia pale hasa fimbo na kivuli chake vinapolingana, bila hesabu ya kutoa. Waambieni wananchi hivyo na mtaona wazee wakisogea mbele kuliko watoto.

Kuna jambo la ratiba pia. Tarehe 9 Oktoba mwaka huu ni Ijumaa. Mkiwaita watu uwanjani saa 6:10 mchana siku ya Ijumaa mtabaki na walinzi peke yao. Na msifikirie kuahirisha mpaka jua linaporudi mwanzoni mwa Machi, kwani Machi ya 2027 itaangukia kumi la mwisho la Ramadhani, na kumsimamisha mtu juani na saumu yake si uungwana.

Na jengine dogo: kwenye tangazo andikeni "elimu ya falaki" au "sayansi ya anga". Mkiandika "unajimu", watakuja watu kuulizia nyota zao na kama safari ina heri.

Bibi wa Jumbi alijibu:

Wanangu, mimi si msomi wa mambo hayo, ila nimezaliwa karibu na Tunguu na nataka mjue mnasimama juu ya ardhi gani. Miaka ya mwanzo ya 1960, kabla ya Mapinduzi, Wamarekani walikuwa na kituo chao huko huko Tunguu cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wao wa Mercury. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alikuwa akimaliza kuzungumza na kituo cha Kano, Nigeria, huzungumza na cha Zanzibar, kisha huingia kwenye Bahari ya Hindi. Marehemu baba yangu alifanya kibarua cha ujenzi pale na hakupata kuelezwa ni kitu gani anachokijenga.

Ndiyo maana maneno yalizagaa. Kwenye mikutano ya siasa watu waliambiwa kwamba ni mahali pa kurushia maroketi ya vita, na mwanakijiji angejuaje kama si kweli, naye kila siku anapita nje ya uzio? Baada ya Mapinduzi ya 1964 kituo kilifungwa mwaka huohuo, na leo ukimuuliza kijana wa hapa hana habari kabisa.

Basi ninachowaomba ni kwamba kabla ya kumwalika mkubwa yeyote wa mjini, mpite kwa sheha, mje mabarazani kwetu, mtueleze hicho kibati ni cha nini. Na mkitaka fundi mwenye timazi, hapa wapo watatu.

Maalim Mstaafu wa Wete alijibu:

Nimesoma yote kwa makini. Kibati kimenishinda hoja. Ninakubali kwamba kinapita ncha ya kivuli. Ninabakiwa na dukuduku moja ambalo wanafunzi wangu wa zamani wangeliuliza: umbali wa kilomita 105 tumeutoa kwenye ramani, na ramani imechorwa na watu waliokwishajua ukubwa wa dunia. Je, hatujizungushi?

Mtafiti wa Ionosfea alijibu:

Maalim, tunajizungusha kidogo, na afadhali tuseme hivyo hadharani. Ramani za zamani za upimaji zilianzia kwenye mstari wa msingi uliopimwa ardhini kwa mnyororo, kwa hivyo umbali wake haukutokana wote na ukubwa wa dunia uliodhaniwa. Hata kumuuliza nahodha wa boti hakutatuokoa, kwa sababu maili ya bahari yenyewe asili yake ni dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii, ya duara la dunia! Njia iliyo safi zaidi kwetu ni kupima sehemu ya barabara ya Unguja inayokwenda kaskazini kwa gurudumu la kupimia, kisha kulinganisha na ramani, ili wanafunzi waione ramani ikithibitishwa mbele yao. Hilo linaweza kufanyika wiki moja kabla.

Mkufunzi wa Tunguu alijibu:

Nawashukuru nyote, na nimeshaanza kuyafanyia kazi maneno yenu. Jana nilitoboa kibati, nikakifunga kwenye bomba la mita 3 nyuma ya maabara, na duara la jua lilitokea kwenye karatasi kama Ndugu Mtafiti alivyosema. Mlinzi wa zamu aliinama kulitazama, na wingu lilipopita akaniita kunionyesha jinsi duara linavyoliwa upande mmoja. Nilisimama naye hapo zaidi ya nusu saa, jambo ambalo halikumtokea mtu yeyote kwenye foleni yetu ya mwaka jana.

Tumekubaliana na wenzangu tupime siku tatu mfululizo, tarehe 6, 7 na 8 Oktoba, Jumanne hadi Alkhamisi, ili wingu la vuli likitunyima siku moja tusipoteze kazi yote, na Ijumaa tumeiacha na wenyewe. Tarehe 8 kivuli cha Tunguu hakitakuwa sufuri kamili, ila kwa nguzo ya mita 3 kitakuwa kama sentimita moja na kidogo, nacho kitapimwa na kuandikwa kama kilivyo. Watu wote wawe wameruhusiwa kabla ya saa 6:25 ili wawahi jamaa.

Darubini tutaitoa usiku wa Alkhamisi peke yake. Mwezi mwandamo wa falaki ni tarehe 10, kwa hivyo mbingu itakuwa na giza. Zuhura itaonekana chini upande wa magharibi mara tu baada ya magharibi, nayo kwenye darubini ina umbo la hilali. Na Zohali, iliyokabiliana na jua tarehe 4, itakuwa inapanda mashariki wakati huohuo. Pete zake, ambazo Machi 2025 zilitugeuzia ukingo, sasa zimeanza kufunguka. Atakayengoja foleni atakuwa ameshapima dunia mchana wake, na karatasi yake yenye alama itakuwa imebandikwa ukutani karibu naye.

Kwa Bibi wa Jumbi: nitapita kwa sheha Jumatatu, na nitakuja barazani baada ya alasiri kama utaniruhusu. Ningependa pia kusikia zaidi kuhusu kituo kile, kwani katika wanafunzi wangu hakuna hata mmoja aliyewahi kukisikia.

Kwa Maalim: nimetoboa vibati sita vya ziada kwa ajili ya skuli za Pemba, vyote kwa msumari mmoja ili matundu yalingane. Nitakuja navyo kwa boti ya Jumamosi. Naomba unitafutie mtu wa kunipokea bandarini Mkoani, maana mabomba ya mita 3 sikuruhusiwa kuyapakia, na itabidi tuyatafute huko huko.

Maalim Mstaafu wa Wete alijibu:

Nitakuja mwenyewe. Mabomba yaache, tutakata mianzi.